Samaki roboti wa sentimita mbili: mwongozo kamili wa kumuunda na kumwogelesha kwa uga wa sumaku

Kupitisha sumaku chini ya meza na kuburuza kipande cha chuma juu yake si roboti. Hata ukikichonga kipande hicho kichwa cha samaki na kukitia kwenye beseni la maji, bado unaburuza chuma. Video nyingi zinazosambaa za "roboti ya sumaku" ni za aina hiyo. Hapa tunaunda kitu kingine: samaki wa sentimita mbili hivi, asiye na betri, mota wala waya, anayesukuma maji kwa mkia wake mwenyewe. Sumaku ya nje inamtikisa kichwa tu. Mkia ndio unaofanya kazi.

Wazo lenyewe limeshafanyiwa kazi kubwa. Mwaka 2005 watafiti wa Paris waliunganisha chembe za sumaku kwa DNA zikawa mnyororo, wakaufunga kwenye chembe nyekundu ya damu na kuifanya iogelee. Mwaka 2009 chuo kikuu cha ETH cha Zürich, Uswisi, na Harvard, Marekani, kila upande kivyake, walionyesha viskrubu vidogo vinavyojizungusha kama mkia wa bakteria. Mwaka 2018 kundi la Metin Sitti, Taasisi ya Max Planck mjini Stuttgart, lilitoa kipande laini cha silikoni iliyochanganywa na unga wa sumaku. Kilikuwa na urefu wa milimita 3.7, na kiliweza kuogelea, kutambaa, kubingirika na kuruka. Mwaka uliofuata kundi hilohilo likaja na roboti iliyoiga konyeza (yule kiumbe wa baharini laini kama jeli) aliye bado mdogo. Wote wanatazama mbali, kwenye tiba ndani ya mwili. Sisi beseni linatutosha, na vifaa vingi unavipata Kariakoo, Dar es Salaam, au Luthuli Avenue, Nairobi.

Uga unaogeuza na uga unaovuta

Sumaku ndogo ikiwa ndani ya uga wa sumaku, yaani eneo ambamo nguvu ya sumaku inafika, hupatwa na mambo mawili. Kwanza inageuzwa: kama sindano ya dira, inataka kutazama uga unakoelekea. Pili inavutwa kwenda pale uga ulipo na nguvu zaidi. Hilo la pili hutokea tu kama uga unazidiana nguvu kati ya mahali na mahali. Uga ukiwa sare, kuvutwa kunatoweka, kunabaki kugeuzwa peke yake. Na sisi tunataka kugeuza tu.

Njia rahisi ya kupata uga sare ni jozi ya koili za Helmholtz: pete mbili za waya zinazolingana, zimesimama zikitazamana, umbali kati yake ukiwa sawa na nusu kipenyo cha pete. Uga wa katikati unapigiwa hesabu hivi:

uga (kwa tesla, kipimo cha nguvu ya uga) = 0.0000009 × idadi ya mizunguko ya pete moja × ampea ÷ nusu kipenyo (kwa mita)

Tutahitaji jozi mbili zilizokaa pembe mraba. Moja inatoa uga tulivu unaomwambia samaki atazame wapi. Nyingine inatoa uga unaopinduka kulia na kushoto. Kichwa kinafuata jumla ya nyuga hizo mbili, kwa hiyo kinatikisika bila kupoteza njia. Mkia laini unachelewa nyuma ya kichwa, na kuchelewa huko ndiko kunakosukuma maji. Kuna wanaojaribu kubana matumizi kwa kusuka jozi moja. Samaki wao anageuka mzima mzima papo hapo, kichwa mkiani, mkia kichwani, na haendi popote.

Vifaa

Kwa koili: bomba la maji taka la milimita 110 (lile la inchi 4) na la milimita 160 (inchi 6), vipande vifupi tu, ambavyo fundi bomba huwa anavitupa. Waya wa shaba wa kusukia mota, unene wa milimita 0.7, kilo moja. Mwulize fundi wa kusuka mota mtaani kwako, kwani waya huu huuzwa kwa kilo, na duka la vifaa vya umeme wa nyumba mara nyingi hawana. Mbao ndogo za fremu, seloteipu na msasa.

Kwa umeme: Arduino Uno (bodi ndogo ya kompyuta unayoiandikia programu), bodi ya kuendeshea mota ya L298N, adapta ya volti 12 na ampea 3 kama zile za kamera za CCTV, fyuzi ya ampea 3, na mita ya kupimia umeme. Umeme wa ukutani usiusogeze karibu na koili wala maji, adapta inatosha.

Kwa samaki: sumaku ya neodimiamu ya duara, kipenyo milimita 3 na unene milimita 1. Ukikosa, mwombe fundi simu spika au hedifoni zilizokufa, ndani utakuta sumaku, ingawa mara nyingi ni kubwa kidogo. Utahitaji pia kipande cha stairofomu (lile boksi jeupe jepesi la kufungia runinga), kifungashio cha biskuti, na gundi ya mirija miwili. Supagluu iache: inakula stairofomu.

Tahadhari moja si ya kupita haraka. Mtoto akimeza sumaku mbili za aina hii, zinavutana kutoka pande mbili za utumbo na kuutoboa. Akimeza ni hospitali saa hiyohiyo, msisubiri itoke. Hesabu sumaku zako kila unapofunga kazi. Pia usizikate wala kuzisaga: unga wake unashika moto.

Kusuka koili

1. Kata pete mbili za upana wa milimita 10 kutoka kila bomba. Kata kwa msumeno wa chuma, sawazisha kwa msasa. Gundisha kingo za kadibodi ngumu pande zote mbili ili waya usiteleze.

2. Kwenye pete za milimita 110 suka mizunguko 100 kila moja. Kwenye pete za milimita 160 suka 145 kila moja. Hesabu hiyo haikutoka hewani: pete kubwa inahitaji mizunguko mingi zaidi kwa uwiano uleule wa ukubwa wake, ili jozi zote mbili zitoe uga sawa kwa ampea moja. Ukiweka kwenye fomula utapata karibu militesla 1.6 kwa kila ampea. Uga wa dunia huku Afrika Mashariki ni kama militesla 0.03, kwa hiyo hautakusumbua.

3. Suka pete zote kuelekea upande mmoja na uweke alama mwanzo na mwisho wa waya. Hili linawaponza wengi. Pete mbili za jozi zinaunganishwa kwa mfululizo, mwisho wa kwanza kwenye mwanzo wa pili, na zote zitazame upande mmoja. Ukizigeuza, nyuga zao zinauana katikati.

4. Kwangua ncha za waya kwa msasa mpaka shaba ing'ae, ndipo ulehemu. Waya huu umepakwa vanishi ngumu isiyoonekana kwa urahisi, na usipoikwangua, koili itaonekana imekatika.

5. Pima ukinzani. Jozi ndogo itoe karibu omu 3, jozi kubwa karibu 6.5. Ikitoka pungufu sana, vanishi imechunika mahali na mizunguko inagusana.

6. Simamisha jozi kubwa kwenye fremu, umbali wa milimita 80 kutoka katikati ya pete hadi katikati ya nyingine. Ingiza jozi ndogo ndani yake, imegeuzwa pembe mraba, umbali wa milimita 55. Inapita, ila fanya msuko uwe mwembamba. Kisahani cha maabara (petri) cha kipenyo cha milimita 90, ambamo samaki ataogelea, kinaingia kupitia tundu la pete ndogo na kukaa katikati kabisa. Kiinue kwa kigingi cha mbao mpaka maji yawe usawa wa kitovu cha pete.

Kabla ya kuendelea, weka dira pale katikati na upitishe mkondo mdogo, ampea 0.2. Sindano inapaswa kugeuka mara moja na kulala sambamba na mhimili wa jozi uliyowasha. Ikitingishika tu na kurudi kaskazini, pete moja imegeuzwa. Badilisha ncha zake. Anayetaka namba atumie simu: programu ya bure ya phyphox, kutoka Chuo Kikuu cha RWTH Aachen, Ujerumani, inasoma kihisi cha sumaku kilichomo ndani ya simu. Kwa ampea 0.2 utarajie karibu maikrotesla 330 juu au chini ya ule wa dunia. Usipandishe mkondo sana simu ikiwa ndani, maana kihisi kina kikomo.

Umeme na programu

L298N ina njia mbili, moja kwa kila jozi. Arduino huwasha na kuzima umeme haraka haraka ili wastani ushuke, na hubadilisha upande wa mkondo kupitia pini mbili za mwelekeo. Bodi yenyewe inakula kama volti 2, kwa hiyo koili inapata 10. Ili kupata ampea moja, jozi ndogo inahitaji thamani ya karibu 80 kati ya 255, na kubwa karibu 165. Hizo ni za kuanzia. Thibitisha kwa mita, maana unene wa waya wa mtaani haulingani daima na ulichoambiwa.

Moyo wa programu ni mistari miwili:

X = A·cos(p) − B·sin(p)·sin(2π·m·t)
Y = A·sin(p) + B·cos(p)·sin(2π·m·t)

X na Y ni mkondo wa kila jozi, A ni uga tulivu, B ni mtikisiko, p ni pembe ya upande unaotaka samaki aende, m ni mipigo kwa sekunde, t ni muda kwa sekunde. Anza na A na B zote ampea 0.7. Kichwa kitatikisika nyuzi 45 kila upande, na hakuna jozi itakayozidi ampea 1. Ifanye Arduino irudie hesabu kila baada ya milisekunde 5. Kubadili p kunatosha kumgeuza samaki. Unaweza kuifunga kwenye kitufe cha kuzungusha na ukamwendesha kwa mkono.

Baada ya dakika chache gusa koili. Jozi kubwa ndiyo inayopata joto zaidi. Ikikuchoma kidole, ipumzishe.

Kuunda samaki

Sumaku ya duara kwa kawaida ina ncha zake kwenye nyuso mbili bapa. Kwa hiyo isilale; isimamishe wima, uso mmoja ukitazama mbele na mwingine nyuma. Tumia dira kujua upi ni wa kaskazini, uutazamishe mbele, vinginevyo samaki ataogelea kinyume na namba zako zote.

Kata mchemraba wa stairofomu wa milimita 4 hadi 5 kwa wembe mpya (wembe mbutu unabomoa). Gundisha sumaku upande wa chini ili kichwa kisipinduke. Kwa sumaku kubwa zaidi, kila gramu inahitaji karibu sentimita za ujazo 0.9 za stairofomu. Lengo ni aelee kwa shida: kichwa kichungulie juu ya maji, mkia wote uzame. Akielea juu mno, punguza kwa wembe kidogo kidogo.

Acha gundi ikauke vizuri bila kuharakisha kwa moto. Sumaku nyingi za kawaida za neodimiamu huanza kupoteza nguvu zikizidi nyuzi joto 80.

Mkia ndio roboti

Watu hutumia siku kwenye programu na dakika mbili kwenye mkia. Fanya kinyume.

Kila utepe una mipigo yake ya asili, ile ambayo ukiutikisa kwa kasi hiyo unapinda sana kwa nguvu kidogo. Majini mipigo hiyo inashuka, kwa sababu utepe unabeba maji ya pembeni. Kwa utepe wa poliesta wa unene wa milimita 0.05, upana 3 na urefu 12, hesabu inatoa kama mipigo 16 kwa sekunde. Ukiurefusha hadi milimita 18 inashuka hadi kama 7. Urefu una nguvu ya ajabu hapa: ukifupisha mkia nusu, mipigo ya asili inapanda mara nne. Unene nao haujambo, kwani ukiuzidisha mara mbili inapanda karibu mara tatu. Upana unachangia kidogo tu.

Kwa hiyo anza na utepe mrefu, milimita 18 hadi 20, na uende ukiukata milimita moja moja. Huwezi kurefusha ulichokwisha kukata.

Nyenzo ninayoipendekeza ni kifungashio cha biskuti, kile kinachotoa mlio ukikikunja. Kilicho na rangi ya fedha ndani ni sawa pia. Mfuko laini wa rambo ungekuwa mlegevu mno hata hivyo, achilia mbali kwamba umepigwa marufuku tangu 2017 Kenya na 2019 Tanzania. Kujua unene bila kifaa maalumu, panga matabaka 20, yabane, upime kwa rula. Yakifika milimita 1, kila moja ni 0.05.

Pasua stairofomu kwa nyuma, wima, ingiza utepe ukiwa umesimama kama mkia wa samaki wa kweli, na uweke tone dogo la gundi. Mtazame kwa juu: mkia uwe mstari mnyoofu. Ukiwa umepinda hata kidogo, samaki atazunguka duara.

Majini

Tia tone moja la sabuni ya vyombo kwenye maji kabla ya kumweka samaki, koroga, subiri yatulie. Sabuni inapunguza ule mvutano wa uso wa maji unaomng'ang'aniza kwenye ukingo wa kisahani. Usiongeze sabuni akiwa tayari majini. Itamsukuma yenyewe, na utashangilia bure.

Weka karatasi ya mraba chini ya kisahani, simu juu ikirekodi. Washa uga tulivu peke yake: anapaswa kugeuka, kutazama upande ulioamuru, na kutulia. Kisha ongeza mtikisiko kwa mpigo 1 kwa sekunde, halafu 2, na kuendelea hadi 12. Kila hatua andika amekwenda milimita ngapi kwa sekunde 10. Utaona mwendo unapanda, unafika kilele, unashuka. Chini ya kilele mkia unamfuata kichwa kama ubao. Juu yake kichwa chenyewe hakiwahi kutikisika vya kutosha. Kilele kikija chini ya mipigo 3, mkia ni mlegevu: kata. Mwendo ukiwa bado unapanda kwenye 12, ni mgumu: tafuta plastiki nyembamba zaidi au utepe mrefu. Video ya mwendo wa polepole itakuonyesha hilo wazi, ncha ya mkia ikienda kushoto wakati kichwa tayari kinarudi kulia.

Kaa katikati ya kisahani, eneo la sentimita nne hivi. Ukikaribia pete, uga si sare tena.

Anaogelea au anaburuzwa?

Majaribio matatu yanamaliza ubishi. La kwanza umeshalifanya: uga tulivu peke yake. Kama alisogea moja kwa moja bila mtikisiko, kuna mvuto. Kagua umbali kati ya pete, na uangalie kama kuna koleo au bisibisi karibu. La pili, badilisha p kwa nyuzi 180. Samaki anayeogelea atageuka na kurudi kwa mwendo uleule. Anayevutwa ataenda haraka upande mmoja na kusuasua upande mwingine. La tatu ndilo ninaloliamini kuliko yote: tengeneza pacha wake mwenye mkia uleule ila usiopinda, kwa mfano kijiti cha plastiki ngumu cha uzito huohuo, umtikise kwa mipigo ileile. Pacha akimkaribia mwenzake kwa mwendo, mkia wako haujafanya kazi bado.

Jaribio la gliserini

Mwaka 1977 mwanafizikia Edward Purcell alieleza kwa nini viumbe vidogo sana haviogelei kama samaki. Kwao maji ni mazito kiasi kwamba ukiacha kusukuma unasimama papo hapo, na mwendo wowote unaorudi kwa njia uliyojia unafuta ulichopata. Bakteria wanakwepa hilo kwa kuzungusha mkia wa skrubu, manii kwa mkia unaopinda kama wimbi.

Unaweza kuliona kwa macho bila darubini. Nunua gliserini ya kupaka, isiyochanganywa na maji. Mnato wake unazidi wa maji zaidi ya mara 1,000, kwa hiyo samaki wako wa sentimita mbili anaingia kwenye ulimwengu wa wadogo. Gliserini ni nzito kuliko maji, ataelea juu zaidi, punguza stairofomu. Mtikise polepole, mpigo 1 au chini yake. Pacha mwenye mkia mgumu atatingishika palepale. Mwenye mkia unaopinda atajikokota, milimita kwa milimita, na mara nyingi atahitaji plastiki nyembamba kuliko aliyoitumia kwenye maji.

Ukitaka skrubu badala ya mkia

Waya wa shaba uliobaki una kazi. Uzungushe mara nne kwenye msumari wa milimita 4, uvute kidogo upate nafasi kati ya mizunguko, ugundishe sumaku kwenye ncha moja ili uelekeo wake ukate mhimili wa skrubu. Laza fremu nzima ubavu ili jozi moja itazame juu na nyingine pembeni. Badilisha mistari miwili ya programu iwe X = A·cos(2π·m·t) na Y = A·sin(2π·m·t): uga sasa unazunguka, na skrubu inazunguka nao. Ilaze ndani ya mpira ang'avu wa maji wa kipenyo cha milimita 20, uliojazwa gliserini na kuzibwa, upitishe mpira huo katikati ya koili sambamba na mhimili wa mzunguko. Anza na mzunguko 1 kwa sekunde na upandishe taratibu. Ikifika mahali inatetemeka badala ya kuzunguka, uga umeshindwa kuikokota kwa kasi hiyo. Shusha mizunguko au ongeza A, ukichunga usizidi ampea 2 ambazo ndizo kikomo cha L298N. Kurudi nyuma, weka alama ya kutoa mbele ya Y.